Programu mbili, daftari moja: AMCOS isikubali kilo za mkulima kugawanyika

MSIMU wa korosho unapokaribia, viongozi wa chama cha msingi huwa na orodha ndefu ya maandalizi. Mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo, magunia yafike, ghala lifagiliwe, vitabu vya stakabadhi vihesabiwe. Jambo ambalo ni nadra kulikuta kwenye orodha hiyo ni programu za kompyuta. Je, zinafikaje kwenye daftari linalotunza kilo za wakulima, na zote zinafika kwenye daftari lile lile?

Wengi hudhani hilo ni suala la mafundi peke yao. Sivyo. Kilo zisizoonekana kwenye daftari la malipo hazilipwi kwa wakati, hata kama mkulima ameshika stakabadhi yake mkononi. Kwa hiyo mjumbe wa bodi, mhasibu na hata mwanachama wa kawaida wanapaswa kulielewa jambo hili kwa kiwango cha kuweza kuuliza maswali.

Milango miwili ya ghala moja

Tangu msimu wa 2007/2008, korosho ya Tanzania ilipoanza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kumbukumbu zimekuwa na uzito mkubwa zaidi katika chama cha msingi. Mkulima haondoki na fedha taslimu siku anayopima mzigo. Anaondoka na karatasi, anasubiri mnada, kisha malipo yake yanapita benki. Kati ya siku ya mizani na siku ya malipo, kinachomlinda ni maandishi.

Chama kinachoingia kwenye kompyuta mara nyingi hujikuta na programu mbili. Ya kwanza imefungwa kwenye kompyuta ya ofisini. Hiyo husoma uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani ya umeme kwa njia ya waya na kutoa stakabadhi kwenye printa. Ya pili ni tovuti. Karani wa kituo cha mbali huitumia kuingiza mizigo aliyopokea, mhasibu huitumia kuandaa orodha ya malipo, na mwanachama anaweza kuangalia kilo zake kwa simu.

Programu hizo ni milango miwili ya ghala moja. Ghala lenyewe ni daftari kubwa la kompyuta ambalo wataalamu huliita kanzidata. Daftari hilo huendeshwa na programu maalumu kama MySQL, PostgreSQL au SQL Server, na kwa kawaida hukaa kwenye kompyuta moja inayohudumia nyingine zote, yaani seva.

Ili programu ifike kwenye kanzidata inahitaji kujua mambo manne: anwani ya seva, jina la kanzidata, jina la mtumiaji na neno la siri. Baada ya hapo inahitaji maelekezo ya namna ya kufungua mlango, kuuliza, kuandika, na kufunga mlango inapomaliza. Maelekezo hayo huandikwa na fundi wa programu, nayo huitwa msimbo.

Matatizo huanzia hapa. Mwaka wa kwanza chama kinaagiza programu ya ofisini. Fundi anaandika msimbo wa kufikia kanzidata ndani yake. Mwaka wa pili chama kinataka tovuti. Fundi yule yule, au mwingine kabisa, ananakili msimbo ule na kuubandika kwenye tovuti, kisha anaurekebisha kidogo. Siku hiyo kazi inaonekana imekwisha. Kumbe chama sasa kina nakala mbili za njia moja, na kila nakala itaanza kwenda upande wake.

Kilo zinavyopotea bila kelele

Tuchukue chama cha mfano. Katikati ya msimu seva yake inazeeka, na fundi anahamisha kanzidata kwenda seva mpya. Anaifungua tovuti, anabadilisha anwani, anajaribu, inafanya kazi. Programu ya ofisini inasahaulika. Seva ya zamani haijazimwa, kwa sababu fundi alitaka iwe akiba kwa siku chache.

Asubuhi karani wa ofisini anawasha kompyuta. Programu inatafuta anwani ya zamani, inaipata, inafunguka kama kawaida. Hakuna onyo lolote, kwa kuwa muunganisho umefaulu. Mizigo inapimwa, stakabadhi zinatoka kwenye printa, wakulima wanaondoka. Lakini kila kilo inaandikwa kwenye daftari ambalo mhasibu halisomi tena.

Tuseme hali hiyo inadumu siku tisa, kwa siku wanapokelewa wakulima 35, na kila mmoja analeta wastani wa kilo 120. Hizo ni stakabadhi 315 na kilo 37,800. Kama bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo, mali yenye thamani ya shilingi 113,400,000 haimo kwenye orodha ya malipo.

Ubaya hauishii hapo. Karani wa kituo cha mbali ameendelea kuingiza mizigo kwa tovuti, yaani kwenye daftari jipya. Madaftari yote mawili yalianza na namba ile ile ya mwisho ya stakabadhi, na kila moja limeendelea kuhesabu. Hivyo stakabadhi namba 4,201 ipo mara mbili, kila moja na mwenye mali wake. Kuyaunganisha tena ni kazi ya kukaa na karatasi, moja baada ya nyingine, huku wakulima wamejaa nje wakiuliza fedha zao.

Katika hali kama hiyo neno la kwanza linalosikika ni wizi. Karani hajaiba, mhasibu hajaiba, lakini imani imeshaondoka. Chama cha ushirika kikikosa imani ya wanachama, mnunuzi wa kangomba hana haja ya kutoa bei nzuri. Anachohitaji ni kuja na fedha taslimu tu.

Njia iandikwe mara moja

Dawa ya kwanza inajulikana na mafundi kwa miaka mingi. Msimbo wa kufikia kanzidata usiandikwe ndani ya programu ya ofisini wala ndani ya tovuti. Uandikwe pembeni, mara moja, kama kifurushi kinachojitegemea, kisha programu zote mbili zikitumie. Mafundi hukiita kifurushi hicho maktaba. Kikirekebishwa, marekebisho yanahusu milango yote.

Lugha nyingi za programu zinaruhusu jambo hili. Wanaotumia Java wamekuwa na njia moja ya kuzifikia kanzidata za aina mbalimbali, iitwayo JDBC, tangu mwaka 1997. Wanaotumia .NET ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2002, huweza kuandika maktaba moja na kuitumia kwenye tovuti na kwenye programu ya ofisini. Kwa hiyo fundi anayesema haiwezekani aombwe aeleze kwa nini.

Ndani ya maktaba hiyo yakae mambo ambayo hayapaswi kutofautiana: namna ya kufungua na kufunga muunganisho, muda wa kusubiri seva isipojibu, na namna ya kuandika stakabadhi. Makato ya mkulima nayo yakokotolewe hapo hapo. Kama mkutano mkuu umebadilisha ushuru wa chama, ubadilishwe sehemu moja, karatasi ya ofisini na ukurasa wa simu vionyeshe kiasi kile kile.

Aidha, maktaba ihakikishe kwamba kazi yenye hatua kadhaa ama inakamilika yote au haifanyiki kabisa. Kuandika stakabadhi ni hatua moja, kuongeza kilo kwenye jumla ya mkulima ni hatua nyingine. Umeme ukikatika katikati, isibaki hatua moja bila mwenzake.

Anwani, jina la mtumiaji na neno la siri visiandikwe ndani ya maktaba. Hivyo hukaa kwenye faili la mipangilio la kila programu, ili seva ikihama fundi asilazimike kufungua msimbo. Kwenye .NET ya awali, tovuti huwa na faili liitwalo web.config na programu ya ofisini huwa na App.config. Maktaba yenyewe haijali imeitwa na nani. Inapokea mipangilio na kufanya kazi.

Hata hivyo, tukumbuke mfano wetu. Maktaba moja peke yake isingeokoa zile stakabadhi 315, kwa sababu faili la mipangilio la ofisini lingeweza kusahaulika vile vile. Ndiyo maana kuna nyongeza ndogo isiyo na gharama kubwa. Ndani ya kanzidata liwekwe jedwali dogo lenye mstari mmoja: jina la chama, msimu, na alama inayoonyesha kama daftari hili liko wazi au limefungwa. Maktaba isome mstari huo kila programu inapowashwa. Daftari likihamishwa, la zamani liandikwe "limefungwa". Programu iliyosahaulika itagoma kufunguka asubuhi ile ile, na karani atampigia fundi simu kabla hajapima hata gunia moja.

Milango haifanani kwa kila kitu

Kushirikisha msimbo hakumaanishi kufunga macho. Programu ya ofisini inamhudumia mtu mmoja aliyekaa mbele yake. Tovuti inahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na hakuna anayekaa mbele ya seva. Msimbo uliozoea ofisini unaweza kuleta balaa kwenye tovuti kwa njia tatu.

Kwanza ni ujumbe wa kwenye skrini. Programu nyingi za ofisini zikikosa seva hufungua kidirisha na kusubiri karani abonyeze "Sawa". Msimbo huo ukipelekwa kwenye tovuti, hakuna mtu wa kubonyeza. Ukurasa unakwama au unaleta hitilafu. Kwa hiyo maktaba isizungumze na mtu. Iseme kosa limetokea, kisha kila programu iamue namna ya kulieleza.

Pili ni kuacha mlango wazi. Fundi wa ofisini anaweza kufungua muunganisho mmoja asubuhi na kuufunga jioni, na karani mmoja asione shida. Kwenye tovuti, wanachama 50 wakitumia muunganisho huo mmoja kwa pamoja, kazi zao huingiliana. Kila mmoja akifunguliwa wake usiofungwa, nafasi zinakwisha. PostgreSQL kwa mipangilio yake ya awali hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na MySQL 151. Kanuni ni moja kwa milango yote: fungua unapohitaji, funga mara umalizapo. Programu za siku hizi huhifadhi miunganisho iliyokwisha kufunguliwa na kuitumia tena, hivyo kufunga mapema hakupunguzi kasi.

Tatu ni maneno ya mtumiaji. Ofisini karani anaaminika. Kwenye tovuti mtu yeyote anaweza kuandika chochote kwenye nafasi ya jina, hata amri ya kuharibu daftari. Shambulio la namna hiyo liliwekwa nafasi ya kwanza kwenye orodha ya hatari za tovuti ya taasisi ya OWASP katika miaka ya 2010, 2013 na 2017. Kinga yake ni kupeleka maneno ya mtumiaji kama taarifa tu, bila kuyachanganya na amri. Kinga hiyo ikiwekwa ndani ya maktaba, inalinda milango yote miwili.

Neno la siri lisizurure

Programu ya ofisini ikiwa na neno la siri la kanzidata, neno hilo lipo kwenye kila kompyuta iliyofungwa programu hiyo. Kompyuta ikiibwa au ikipelekwa kwa fundi wa mtaani, mwenye ujuzi anaweza kulitoa. Ikiwa ofisi iko mbali na seva, tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa kanzidata yenyewe lazima ifunguliwe kwenye intaneti ili programu iifikie.

Kwa chama chenye vituo vya mbali, njia salama zaidi ni kuiacha kanzidata ndani, isionekane na mtu wa nje. Programu ya ofisini itume maombi yake kwa seva ya tovuti kwa njia iliyofungwa kwa usimbaji, kama simu yako inavyofanya unapoingia benki. Seva ya tovuti pekee ndiyo iwe na neno la siri na maktaba ya kufikia kanzidata. Karani aingie kwa jina lake mwenyewe, ili ijulikane nani aliandika nini. Mpangilio huu pia unaondoa tatizo la anwani mbili, kwani seva ikihama panabadilishwa mahali pamoja tu.

Mpangilio wowote utakaochaguliwa, haki zigawanywe. Ukurasa wa mwanachama kuangalia kilo zake unatosha kuwa na haki ya kusoma. Hauna sababu ya kuweza kufuta.

Kwa Tanzania jambo hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Majina, namba za simu na akaunti za benki za wanachama ni taarifa binafsi, na chama kinachozitunza kina wajibu wa kuzilinda.

Mtandao ukikatika

Msomaji atauliza: kwa nini basi tusitumie tovuti peke yake? Kwa duka dogo la pembejeo lenye kompyuta moja na mtandao wa uhakika, jibu ni kwamba tovuti inatosha, na kuagiza programu mbili ni kupoteza fedha. Lakini kituo cha kupokea mazao kina mizani, printa, foleni ya watu na mtandao unaokuja na kuondoka. Hapo programu ya ofisini bado ina kazi.

Programu hiyo iweze kuandika mizigo kwenye daftari dogo ndani ya kompyuta yenyewe mtandao unapokatika, kisha iipeleke kwenye daftari kuu mtandao unaporudi. SQLite, iliyotoka mwaka 2000 na isiyolipiwa, hutumika sana kwa kazi hiyo. Sharti ni moja: namba ya stakabadhi ianze na alama ya kituo, mathalani A-4201 na B-4201, na daftari kuu likatae namba iliyokwisha kuingia. Hivyo mzigo mmoja ukitumwa mara mbili kwa sababu ya mtandao mbovu hautahesabiwa mara mbili, na vituo viwili havitagongana.

Mfanyabiashara mwenye duka na tovuti ya kupokea oda ana hatari kama hiyo. Duka likiwa na hesabu yake ya mifuko ya mbolea na tovuti ikiwa na yake, atauza mfuko mmoja kwa wateja wawili.

Gharama na faida

Kazi ya kutenganisha msimbo huongeza gharama kidogo mwanzoni, na ndiyo sababu baadhi ya mafundi huikwepa ili wapate zabuni. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mabadiliko yanahitajika mara sita kwa mwaka, na kila programu inatozwa shilingi 150,000 kwa badiliko. Kwa misimbo miwili chama kinalipa shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Kwa msimbo mmoja ni shilingi 900,000. Hata kama fundi ameongeza shilingi 1,000,000 kwenye bei ya kwanza, fedha hiyo inarudi mwanzoni mwa mwaka wa pili, na kuanzia hapo chama kinaokoa kila mwaka. Hapo hatujahesabu siku za kupekua karatasi na wakulima kuhamia kwa kangomba.

Kabla ya kusaini mkataba, bodi imuulize fundi maswali haya na majibu yaandikwe:

1. Msimbo wa kufikia kanzidata umeandikwa mara ngapi, na uko wapi?
2. Seva ikihama, ni sehemu ngapi zinabadilishwa, na nani atathibitisha kwamba zote zimebadilishwa?
3. Programu ikiunganishwa na daftari la zamani, itagoma au itaendelea kuandika?
4. Neno la siri la kanzidata liko kwenye kompyuta zipi?
5. Msimbo ni mali ya nani, na chama kitapewa nakala yake lini?

Swali la tano lisirukwe. Fundi anaweza kuhama, kuugua au kupandisha bei. Chama chenye nakala ya msimbo wake, faili zake za mipangilio na maneno yake ya siri kwenye bahasha ndani ya sefu kinaweza kumleta fundi mwingine. Chama kisicho navyo kitaanza upya.

Mwanachama wa kawaida naye ana kazi yake, tena ni rahisi. Ndani ya siku moja au mbili baada ya kupima, aangalie kilo zake kwenye tovuti au amwombe karani wa kituo kingine amwangalizie, kisha alinganishe na karatasi aliyopewa. Wakifanya hivyo wakulima watano tu kila siku, daftari lililogawanyika litagundulika siku ya pili, likiwa na stakabadhi 70 za kurekebisha badala ya 315.